Jeshi Lilitiishwa kwa Barua

KALAMU NA DOLA
Na Zuhura Kibwana

Tarehe 22 Mei 1782, kanali mmoja mtu mzima wa jeshi la Marekani, Lewis Nicola, alimwandikia mkuu wake George Washington waraka mrefu. Vita na Uingereza vilikuwa vimepoa tangu ushindi wa Yorktown mwezi Oktoba uliotangulia, lakini askari walikuwa hawajalipwa. Nicola alieleza madhila hayo, kisha akagusa jambo zito. Jamhuri ni dhaifu, alisema, haitaweza kulipa madeni yake, na huenda nchi ikahitaji mtawala mwenye cheo cha mfalme. Hakutaja jina la huyo mfalme, wala hakuwa na haja ya kulitaja.

Washington alijibu siku hiyohiyo. Alimwambia Nicola kwamba katika vita vyote hakuna jambo lililomuumiza kama kusikia mawazo hayo yamo jeshini, kwamba anayachukia, na kwamba ayafukuze kichwani mwake ikiwa anaijali nchi yake. Kisha alifanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata maneno hayo. Aliwataka wapambe wake wawili, David Humphreys na Jonathan Trumbull, watie saini kuthibitisha kwamba nakala iliyobaki ofisini inalingana neno kwa neno na barua iliyotumwa.

Wiki hii nataka tumtazame kiongozi huyo: aliyeukataa ufalme kwa maandishi, bila kulala na wazo hilo hata usiku mmoja, mbele ya mashahidi. Kanuni kwamba jeshi liwe chini ya raia ilikuwapo tayari; Virginia, jimbo lake mwenyewe, iliiweka katika Tamko la Haki la mwaka 1776. Lakini kanuni haijawahi kukaa njaa. Siku ya majaribu ilipofika, miaka kadhaa kabla ya Katiba ya Marekani kuandikwa mwaka 1787, kanuni hiyo ilibebwa na barua za watu wachache walioambiana ukweli na kukataliana waziwazi. Naamini mamlaka ya raia juu ya jeshi husimama pale wakubwa wanapokubali kuandika msimamo wao, kisha wakafungwa na walichokiandika.

Tuanze na deni, maana malalamiko ya jeshi yalikuwa ya haki. Bunge la Congress la wakati ule halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Liliyaomba majimbo 13 yachange, nayo yalichanga yalipopenda. Pendekezo la ushuru wa forodha wa asilimia 5 lilihitaji ridhaa ya kila jimbo, na mwaka 1782 Rhode Island ilikataa. Maofisa walikuwa wameahidiwa tangu Oktoba 1780 kwamba wangelipwa nusu mshahara maisha yao yote baada ya vita. Sasa hata mshahara wa kawaida hawakuuona. Desemba 1782 walimtuma Jenerali Alexander McDougall na makanali wawili wapeleke ombi lao bungeni Philadelphia. Kambi kuu ilikuwa karibu na Newburgh, kando ya mto Hudson. Waingereza walikuwa bado wameushika mji wa New York, lakini amani ilinukia, na kila ofisa alijua kwamba jeshi likishavunjwa hakuna atakayewasikiliza tena.

Philadelphia kulikuwa na wanasiasa waliotaka serikali kuu ipate mapato yake yenyewe. Miongoni mwao walikuwamo Robert Morris, msimamizi wa fedha, msaidizi wake Gouverneur Morris, na Alexander Hamilton, mbunge kijana aliyewahi kuwa mpambe wa Washington. Lengo lao lilikuwa la maana, kwani nchi isiyo na mapato hailipi mtu. Kosa lao lilikuwa kuitazama hasira ya askari kama rungu la kuwatishia wabunge wakaidi. Mwanzoni mwa Februari 1783 Gouverneur Morris alimwandikia Jenerali Henry Knox akimshawishi jeshi liungane na wadai wengine wa serikali. Katika mwezi huohuo Hamilton alimwandikia Washington. Madai ya jeshi, alisema, yakisukumwa kwa kiasi lakini kwa uthabiti yangeweza kuwatikisa wale wanaoongozwa na hofu kuliko busara. Akamshauri ayaongoze madai hayo kupitia watu waaminifu na makini, na mkono wake usionekane.

Mkono usionekane! Humo ndimo hatari ya ushauri ule ilimokaa. Hamilton hakuwa akiomba mapinduzi, na alimheshimu sana mkuu wake wa zamani. Lakini alimtaka jenerali awe na sauti mbili, moja ya hadharani na nyingine ya chini kwa chini, na jamhuri ambayo jenerali wake ana sauti mbili haijui ni ipi itakayotoa amri kesho.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Knox, muuza vitabu wa Boston aliyegeuka kuwa mkuu wa mizinga. Knox alikuwa ameshiriki kuandaa ombi la maofisa na alijua shida yao kwa undani. Hata hivyo, tarehe 21 Februari alimwandikia McDougall kwamba sifa ya jeshi la Marekani ni miongoni mwa vitu safi kabisa duniani, na kwamba afadhali wavumilie dhuluma hadi ukomo wa uvumilivu kuliko kuitia doa. Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyekuwa anadai, na ndiyo maana yana uzito. Ni rahisi kuhubiri subira ukiwa umeshiba.

Tarehe 10 Machi 1783 barua isiyo na jina ilisambazwa kambini. Leo tunajua mwandishi alikuwa Meja John Armstrong, mpambe wa Jenerali Horatio Gates. Barua ile iliwaambia maofisa wasiwe wapole tena. Amani ikija, wakatae kuweka silaha chini hadi walipwe. Vita vikiendelea, wajiondoe na kuiacha nchi ijitetee yenyewe. Maofisa waliitwa wakutane bila idhini ya mkuu wao.

Washington aliupinga mkutano ule kwa amri ya maandishi, akapanga mwingine siku ya Jumamosi, tarehe 15. Wengi walidhani hatahudhuria. Aliingia, akaomba nafasi ya kusema, akasoma hotuba aliyoiandika mwenyewe dhidi ya barua ile. Alipotaka kuwasomea pia barua ya Joseph Jones, mbunge wa Virginia, alitoa miwani ambayo wengi hawakuwahi kumwona nayo, akawaomba radhi kwamba amezeekea katika utumishi wao na sasa macho nayo yanamwishia. Mashahidi wanasimulia kwamba wapo waliolia. Alipoondoka, maofisa walipitisha maazimio ya kuwa watiifu kwa Bunge.

Kisa cha miwani kimesimuliwa sana, na kinastahili. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata mezani kwake. Tarehe 18 Machi aliliandikia Bunge akiwatetea maofisa walewale kwa nguvu zake zote, akisisitiza kwamba utiifu wao ni sababu ya kuwalipa, si ruhusa ya kuwasahau. Siku nne baadaye Bunge liliamua kubadili ahadi ya nusu mshahara wa maisha kuwa mshahara kamili wa miaka mitano. Kisha, tarehe 4 Aprili, alimwandikia Hamilton kwa siri. Alimweleza kwamba wamo jeshini watu wazito wanaoshuku kwamba askari wamefanywa vikaragosi vya mpango wa fedha, na akamwonya kwamba jeshi ni chombo cha hatari kuchezea.

Onyo hilo lingetosha kuwa somo la mwaka mzima katika chuo chochote cha uongozi. Mtu aliyelishika jeshi mkononi ndiye aliyemwambia mwanasiasa wa kiraia asilichezee. Tumezoea kumwogopa mwanajeshi anayeitamani ikulu, na ni sawa kumwogopa. Barua za Newburgh zinatuonyesha mwenzake: raia anayelitamani jeshi, anayetaka kutumia kishindo cha buti ili hoja yake ipite bungeni, akiamini kwamba kazi ikiisha askari watarudi kambini. Jamhuri nyingi zimepotezwa na wote wawili wakisaidiana.

Nisimpambe Washington kuliko anavyostahili. Kwanza, waliokuwa na sauti Newburgh walikuwa maofisa. Askari wa kawaida walirudishwa makwao mwaka huohuo wakiwa na hati za ahadi badala ya fedha, na wengi waliziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Tarehe 21 Juni askari wenye hasira walilizingira jengo la Bunge Philadelphia, na wabunge wakahamia Princeton. Utiifu usiolipwa una mwisho wake.

Pili, ipo barua ya tarehe 5 Aprili 1783, siku moja baada ya lile onyo kwa Hamilton. Lafayette, jenerali kijana wa Ufaransa aliyempenda Washington kama baba, alikuwa amemwandikia akipendekeza wanunue pamoja shamba dogo ambako watumwa wangefanya kazi kama wapangaji huru, ili mfano wao uigwe na wengine. Washington alijibu kwa upole. Aliusifu moyo wa Lafayette, akasema angefurahi kujiunga naye, na akaahirisha maelezo hadi watakapoonana. Kabla mwezi huo haujaisha alimwandikia mfanyabiashara Daniel Parker, aliyekuwa New York, amsaidie kuwatafuta watumwa wake waliotorokea kwa Waingereza. Watu zaidi ya 120 aliowamiliki aliwaachia uhuru kwa wosia tu, mwaka 1799, na uhuru huo ulisubiri hadi mwanzo wa mwaka 1801. Mtu aliyeukataa ufalme siku hiyohiyo aliahirisha haki ya watu wa nyumbani kwake kwa miaka kumi na sita.

Tunalijua hilo kwa sababu aliziacha barua zake. Mwaka 1781, vita vikiwa bado vinaendelea, alimweka Richard Varick na makarani wake wanakili nyaraka za makao makuu yake kwa mwandiko safi. Kazi ilipokwisha walikuwa na majalada 44. Mwishoni mwa mwaka 1783 hazina hiyo ya karatasi ilipakiwa kwenye magari ya farasi ikapelekwa Mount Vernon, nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba mwaka huo alifika mbele ya Bunge huko Annapolis akarudisha madaraka yake. Barua za Nicola, Hamilton na Lafayette zimesalia, na zimebeba heshima yake na aibu yake kwa pamoja. Anayetunza barua zake zote anawapa wajukuu haki ya kumhukumu, na hakuna uwajibikaji mkubwa kuliko huo.

Uwajibikaji huo ulimgeukia tena mwaka 1798. Marekani ilihofia vita na Ufaransa, na Rais John Adams akamwita Washington kutoka mapumzikoni aongoze jeshi jipya. Washington alitaka Hamilton awe wa kwanza chini yake. Adams alitaka Knox atangulie. Tarehe 25 Septemba Washington alimwandikia rais barua nzito, akimkumbusha kwamba aliukubali wadhifa kwa sharti la kushauriwa juu ya majenerali wake. Adams alikubali, lakini jibu lake la tarehe 9 Oktoba lilikumbusha kwamba mwenye mamlaka ya kuamua vyeo ni rais. Knox aliumia, akakataa kutumikia chini ya mtu aliyekuwa mdogo wake vitani. Hapa Washington alimbana raia mwenye mamlaka, na sidhani kama alikuwa sahihi. Hata hivyo alimbana kwa barua yenye jina lake, na rais akajibu kwa barua yenye jina lake. Hapakuwa na kikao cha usiku wala vifaru mjini. Mwaka 1800 jeshi hilo lilivunjwa baada ya Adams kuchagua njia ya mazungumzo na Ufaransa, na hakuna jenerali aliyekataa.

Wapo watakaosema kwamba barua ni karatasi tu, na mwenye bunduki akitaka huipasua. Ni kweli, karatasi haizuii risasi. Lakini maasi huanza mapema, pale mtu wa kwanza anapomwuliza wa pili iwapo wako pamoja, na huyo wa pili anapokaa kimya au anapojibu kwa lugha ya kufumba. Nicola alipouliza, alijibiwa wazi kabla jua halijazama, na habari ikaishia hapo. Armstrong alipoandika bila jina, alijibiwa na mtu mwenye jina. Hamilton alipokuja na ushauri wa mkono usioonekana, alipata onyo alilolazimika kulisoma akiwa peke yake na dhamiri yake.

Leo amri na maafikiano mengi ya wakubwa hupita katika simu na jumbe zinazojifuta zenyewe baada ya kusomwa. Wenyewe huliita jambo hilo usalama. Napinga, na ningependa msomaji apinge nami. Mambo ya vita yana siri zake, na siri hizo zilindwe kwa miaka inayostahili, kama barua ya tarehe 4 Aprili ilivyoandikwa kwa siri na leo mtu yeyote anaweza kuisoma. Ila kulinda siri na kuiteketeza ni mambo mawili tofauti. Tunapowapa watu jeshi walishike kwa niaba yetu, tuwadai pia maandishi: walichoombwa, na nani, na walijibu nini. Sheria za nyaraka ziwabane marais na majenerali kama zinavyombana karani wa tarafa, na hifadhi za taifa zipewe fedha za kuzitunza karatasi hizo na tarehe ya kuzifungua. Aliye mwaminifu hana cha kupoteza kwa sharti hilo, na aliye na sauti mbili ajue mapema kwamba zote zitasikika.