Mkutano wa Uongozi wa Wanafunzi: Tumpeleke Nani, na Akajifunze Nini?



  

Ndugu wazazi wa Rwezamenyo, Biryogo na Nyamirambo kwa jumla, kila likizo kubwa ya shule inapokaribia, sisi walimu wa madrasa hufikiwa na swali lile lile. Mtoto amerudi na karatasi. Kuna mkutano wa uongozi kwa wanafunzi wa sekondari wanaojitolea, siku tatu au nne, yeye amechaguliwa, na anataka ruhusa. Baba anauliza, "Maalim, nimruhusu?" Mama naye anauliza, "Na kama ni binti je?" Safari hii tumeona tujibu kwa maandishi, maana tukijibu barazani huyu hupata jibu refu na yule jibu fupi, kisha wakikutana sokoni huanza kulinganisha.

Jibu letu ni kwamba waende. Lakini tuna masharti, na tuna malalamiko yetu pia, na baadhi ya malalamiko hayo yanatuhusu sisi wenyewe wa misikitini kuliko wenye mkutano.

Kujitolea katika nchi yetu si jambo la kuletwa na wageni. Umuganda tunaufahamu sote, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Sheria yake inamgusa mwenye miaka 18 hadi 65, kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 16 anayetoka na jembe asubuhi hiyo hakulazimishwa na mtu. Itorero lilirudishwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 wanaomaliza sekondari hufanya Urugerero: wanawajengea nyumba na vyoo wasiojiweza, wanatengeneza bustani za mboga, wanapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu kulipa bima ya afya. Mwaka huo huo wa 2013 ndipo vijana wa kujitolea wanaosaidiana na polisi katika ulinzi wa mitaa walipoanza kujipanga nchi nzima. Huko duniani nako wanafunzi wa sekondari wamekuwa na vyama vya huduma kwa muda mrefu. Key Club ilianzishwa Sacramento, California, mwaka 1925, na Interact ya Rotary ilianzia Florida mwaka 1962. Vyama hivyo ndivyo vilivyozoesha watu mikutano ya namna hii, ambapo vijana wa shule mbalimbali hukutana kuulizana wamefanya nini na wafanyeje.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Misikiti ilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na ilipoanza kufunguliwa mwezi Julai kwa masharti, nani alisimama mlangoni? Vijana. Wengine walikuwa ni wanafunzi ambao shule zao zilikuwa bado zimefungwa. Mzee wa miaka 70 aliambiwa na kijana wa miaka 17 aoshe mikono, apimwe joto, aandike jina lake, asimame mbali na mwenzake. Wazee wetu, Allah awalipe, walitii. Sasa yule kijana tuliyemtii kwenye mlango wa nyumba ya Allah, tunawezaje kusema leo kwamba uongozi si mambo ya umri wake?

Tuje kwenye hofu za wazazi.

Hofu ya kwanza ni ya kielimu, na aliyeileta ni mzazi anayesoma. Alisema: Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, na alimuonya Abu Dharr kwamba uongozi ni amana na kesho Akhera ni majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake. Vipi basi mnawapeleka watoto kufundishwa uongozi? Swali zuri. Tunalijibu hivi: kilichokatazwa ni kukitamani kiti. Kujifunza kubeba mzigo hakukukatazwa, na anayeingia katika amana bila kujifunza ndiye aliye karibu zaidi na majuto hayo. Nabii Yusuf (alayhi salaam) alijitolea mwenyewe kusimamia hazina za Misri, na sababu aliyoitoa ni kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Hakusema kwamba anatoka katika nyumba tukufu, ingawa alitoka. Basi mtoto akirudi kutoka mkutanoni anajua kuandika hesabu ya mchango, kuendesha kikao kikaisha kwa wakati, na kumsikiliza asiyekubaliana naye, huyo ameongezewa utunzaji na ujuzi. Akirudi anatembea kifua mbele anataka aitwe mheshimiwa, hapo maneno ya yule mzazi yana nguvu, na sisi tutakuwa upande wake.

Hofu ya pili ni kuchanganyika na wasio Waislamu. Hapa tuwaombe wazazi warudi katika Sira. Kabla ya Utume, Muhammad (s.a.w.) akiwa kijana, wengi wa wanachuoni wa Sira husema wa miaka 20 hivi, alihudhuria kikao katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an mjini Makka. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake na mmoja wa wakubwa wa mji, na watu wakakutana wakaapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Waliokaa pale walikuwa washirikina. Na baada ya kupewa Utume alisema kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale hata katika Uislamu, angeitika.

Kuna na historia yetu hapa hapa. Wakati wa Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wetu wa Biryogo waliogopa kwamba mtoto akiingia Hamisi atatoka na jina la ubatizo. Hofu yao ilikuwa na msingi, hatuwalaumu. Lakini gharama yake tumeilipa miaka mingi: Waislamu tukawa madereva, mafundi cherehani na wachuuzi hodari, huku ofisini hatuonekani. Neno "Mswahili" likawa kama jina la mtu wa pembeni. Leo hata Kiswahili chenyewe kimekuwa lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2017, basi tusijiweke pembeni kwa hiari yetu.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotukalia moyoni kuliko yote, na hapa mtuvumilie tukae kidogo.

Neno "uongozi wa vijana" katika nchi hii si neno la kulitamka tu na kupita. Mwaka 1994 vijana walikuwa na viongozi. Walikuwa na mikutano, nyimbo, mafunzo na nidhamu. Interahamwe ilikuwa ni jumuiya ya vijana wa chama kabla ya kuwa kile ilichokuja kuwa. Kijana aliyejipanga vizuri, anayetii haraka, anayejua kuwakusanya wenzake, huyo peke yake si neema. Inategemea anawakusanya wende wapi.

Na sisi Waislamu tusijisifu kupita kiasi. Ni kweli kwamba katika mitaa yetu hii watu walifichwa majumbani na misikitini na Waislamu waliokataa kumwaga damu, na sifa hiyo tunaijua na dunia inaijua. Lakini wapo pia wenye majina kama yetu walioshiriki. Mtoto aambiwe yote mawili.

Kisha aambiwe habari ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakawakuta wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wakijisomea. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Wanafunzi wakakataa. Wakasema wao wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa magruneti, wengine wakafa, wengine wakabaki na majeraha mpaka leo. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa wa Imena, na huwakumbuka kila tarehe 1 Februari.

Wale walikuwa wanafunzi wa sekondari, umri wa watoto wenu wanaoomba ruhusa. Hakuna aliyewapigia kura, na baadhi yao hatuna hata shaka kwamba hawakuwahi kuwa viranja. Basi tunawauliza wenye kuandaa mikutano hii: katika ratiba yenu ya siku tatu, ni saa ngapi mtoto atajifunza kukataa? Tunasema kukataa kwa adabu na kwa hoja, mbele ya mkubwa wake, pale anapoamrishwa dhulma. Utii tunaufundisha madrasa, shule inaufundisha, nyumbani unafundishwa. Kukataa dhulma nako ni ibada, na sisi walimu tumekufundisha kwa uchache sana.

Malalamiko yetu ndiyo haya. Mikutano kadhaa tuliyohudhuria kama wasindikizaji ilikuwa ni hotuba juu ya hotuba. Mgeni rasmi anachelewa saa moja na nusu, watoto wamekaa wamevaa fulana mpya, wanapiga makofi wanapoambiwa. Katika mmoja wa mikutano hiyo, siku nzima vijana wenyewe walipewa dakika 20 za kusema, na hizo zilikatwa kwa sababu chakula kimefika. Mwisho kila mmoja akapewa cheti chenye muhuri. Siku hizi cheti kinatafutwa kwa ajili ya maombi ya chuo cha nje, na hatusemi ni haramu, mtoto wa Kigali naye ana haki ya kutafuta riziki yake. Lakini nia ikishakuwa karatasi, kazi itakwisha siku karatasi inapopatikana.

Na malalamiko ya pili ni juu yetu sisi. Barua ikija msikitini inaomba majina ya vijana wawili, majina yanayotoka huwa ni ya watoto wa wanakamati. Tunajuana. Yule kijana anayezibua mfereji wa maji machafu kila baada ya mvua bila kuambiwa, yule binti anayewasomesha wadogo alif na be Jumamosi na Jumapili bila malipo, hao hawana mjomba kwenye kamati. Rai yetu: jina lisiandikwe mpaka itajwe kazi aliyoifanya, na wawepo watu wawili walioiona.

Kuhusu mabinti. Bunge la nchi yetu tangu mwaka 2008 lina wanawake zaidi ya nusu, na mwaka 2013 walifika asilimia 63.8, kwa hiyo binti wa Kiislamu akiachwa nyumbani maamuzi ya wanawake wa nchi hii yatafanywa na wenzake bila yeye. Rufayda Al-Aslamiyya (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na hema la kuwatibu majeruhi katika msikiti wa Mtume, na Sa'd bin Mu'adh aliletwa kwake. Hiyo ni kazi ya kujitolea yenye uongozi ndani yake. Lakini mama anayeuliza binti atalala wapi, ana haki kamili ya kuuliza. Tunapendelea mkutano wa kwenda na kurudi jioni. Ukiwa ni wa kulala, tunataka kujua mabweni ya wasichana yako wapi, mwanamke gani mtu mzima yuko nao, simu yake ni ipi, nafasi ya kuswali ipo, chakula ni halali, na Ijumaa wataachwa waende. Mwandaaji akikasirika kwa kuulizwa, mzuie mtoto, wala usione haya.

Kisha mtoto amerudi. Tunamfanyia nini? Kwa desturi yetu, kijana msikitini anatandika mikeka, anamimina chai ya futari, basi. Mtume (s.a.w.) alimpa Usama bin Zayd jeshi la kwenda Shamu akiwa na miaka 18 hivi, na chini yake wazee wakubwa wa Kiswahaba. Watu wakanung'unika kwa udogo wake, Mtume akawakemea. Alipofariki, Abu Bakr (r.a.) akalitoa jeshi lile lile, akamsindikiza kijana huyo kwa miguu naye kijana yuko juu ya mnyama, akamwomba ruhusa amwachie Umar abaki Madina. Khalifa anaomba ruhusa kwa kijana! Nasi daftari la sadaka tunalifungia kabatini kijana asilione.

Tunapendekeza ugawaji wa futari wa Ramadhani ijayo katika mtaa wetu usimamiwe na wale waliotoka mikutanoni: orodha ya wajane na wagonjwa waiandike wao, fedha wahesabu wao mbele ya wazee wawili, na hesabu waisome wenyewe msikitini baada ya Isha. Wakikosea tutawasahihisha pale pale.

Wazazi wenye karatasi za likizo hii waje nazo madrasa Jumapili baada ya Alasiri. Mje na karatasi yenyewe, siyo maelezo ya mtoto, maana tunataka kusoma pale palipoandikwa watoto watalala wapi na nani atakuwa nao.