Viwanja vya Dodoma visiachwe vichaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu viwanja vya Dodoma. Chama cha TANU kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi hapa mwaka 1973, lakini mbio za kutafuta ardhi zilikolea baada ya Rais Magufuli kutangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote inahamia. Anayenunua kiwanja hapa, basi, ananunua pia uamuzi wa kisiasa.

Sioni ubaya katika hilo. Linaloniuma ni watu wanaochukua viwanja vitatu, vinne, kisha wakaviacha vichaka wakingoja bei ipande. Barabara, maji na umeme huvifikia kwa kodi yetu sote, faida anaibeba mmoja! Mwalimu anayepanga anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akitaka kujenga anasukumwa mbali na mji.

Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu kufuta miliki ya anayekiuka masharti ya uendelezaji. Itumike, tena ianze na wakubwa. Mwenye fedha ajenge vyumba vya kupangisha badala ya kungoja bei ipande. Pato lake huingia kidogo kidogo, lakini halisubiri ahadi za jukwaani.

Wabunge wanakutana hapa hapa Dodoma. Watakapojadili bajeti ya Wizara ya Ardhi, waulize ni viwanja vingapi vilivyopimwa vingali vichaka, na ni vya nani.

Msomaji wako,
Dodoma