Tusikilize Kabla ya Kushauri

Wananchi wenzangu, ninyi mlioko Riyadh na Jeddah, na ninyi mliobaki Mombasa, Tanga, Nairobi na Kampala, naomba leo tuzungumze kuhusu ushauri tunaopeana kwenye magrupu ya WhatsApp na laivu za TikTok.

Magrupu haya yana kheri nyingi. Dada aliyefika juzi anaonyeshwa namna ya kusoma mkataba wake kwenye Musaned, jukwaa la Saudia la mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani. Anaambiwa jinsi ya kufika mtaa wa Batha, Riyadh. Anakumbushwa kwamba kanuni za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinampa siku nzima ya mapumziko kila wiki.

Je, mambo ya ndoa yakiletwa humo, tunayashika kwa uangalifu uleule?

Tuseme ni saa sita usiku. Dada amemaliza vyombo, amejifungia chumbani, anaandika: "Wiki nzima mume wangu hapokei simu, na karo niliyotuma sijui kama imefika shuleni. Nifanyeje?" Majibu yanamiminika: "Achana naye." "Huyo ana mwingine." Wakati huohuo mumewe, kwenye grupu la wanaume, anaambiwa kwamba mke akishavuka bahari si wake tena.

Nani kati yetu amemsikia mume? Nani ameuliza shuleni? Na watoto, nani amewakumbuka?

Waliojibu hawana nia mbaya. Wengi wameumizwa, na kila mmoja anajibu kwa uchungu wake. Lakini kwetu, shauri la ndoa lilipelekwa kwa shangazi, kwa somo au kwa wazee, nao wakawaita wote wawili. Aliye Jeddah hana shangazi mlango wa pili. Sisi ndio tuliobaki.

Basi, tufanye nini?

Wewe unayeshauri, uliza kwanza: yameanza lini, na mwenzako anasemaje? Usimvunjie mtu ndoa usiyoijua.

Wewe unayeomba ushauri, eleza shida bila jina wala picha ya mtu. Sheria ya Saudia ya makosa ya mtandao ya 2007 inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja, faini ya hadi riyali 500,000, au vyote viwili, kwa anayemchafulia mwenzake jina kupitia simu au kompyuta. Hata kusambaza siri ya mtu kwa hasira ya usiku mmoja kunaweza kukuponza.

Ninyi maadmini, mambo mazito yaondoeni hadharani. Chagueni watu wawili wenye busara, mwanamke na mwanamume, wamsikilize mwenye shida faraghani. Na anayepigwa au kunyimwa mshahara asiachwe akisubiri maoni: msaidieni kuufikia ubalozi wa nchi yake mjini Riyadh.

Baba uliyebaki na watoto, saa ya Riyadh na ya kwetu ni moja. Pokea simu. Karo ikilipwa, tuma picha ya risiti kabla hujaulizwa. Mkeo atalala usingizi.

Na sisi majirani na wakwe, tukimwona baba anawapeleka watoto shule, tumwambie mama yao. Habari njema nazo zisafiri.

Mtu akileta shida yake kwenye grupu Ijumaa hii, tumwulize kwanza: "Umeshazungumza naye?" Kama bado, tumsaidie wazungumze.