Kazi hailipiwi dosye: vijana, tuchague wenyewe mlango wetu wa intaneti

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Bunia, Goma, Bukavu, na ninyi wote mnaotusoma na mega za kuhesabu,

Mwenzangu mmoja tuliyemaliza naye lisansi alipokea link kwa WhatsApp: UNICEF inaandika watu, mshahara wa dola, mwisho wa kupokea dosye ni kesho usiku. Akabonyeza. Ukurasa ulikuwa safi kabisa, rangi ya bluu, alama ya shirika, picha za watoto wanacheka. Akajaza jina, jina la mama, namba ya simu, akapiga picha kadi ya mpiga kura akaituma. Mwishoni wakamwomba dola 25 ya dosye kwa pesa ya simu. Dada yake ndiye aliyezikopa kwa jirani. Ile namba haijaita tena, na deni la jirani liko palepale.

Nilipoisimulia, watu walinijibu: "Alitaka mwenyewe. Mtu wa lisansi anaibiwa namna gani vile?" Neno hilo tunalikataa. Shomeri aliyetuma CV mpaka amechoka hahesabu, anayeangalia simu kila asubuhi mbele ya kunawa uso, haibiwi juu ni mjinga. Anaibiwa juu anatafuta kazi, na mwizi anajua ni nini anatafuta. Aibu ibaki kwa mwizi.

Lakini tukiisha kusema hivyo, tusemezane na siye wenyewe. Uliza kijana yeyote hapa mjini anatumia kivinjari gani. Atakujibu: "Google." Google si kivinjari. Kivinjari, ile Wafaransa wanaita navigateur, ni programu inayofungua kurasa za intaneti kwa simu yako: Chrome, Firefox, Opera Mini na zingine. Inaona kila mahali unaingia, kila jina unaandika, kila code unaweka. Na wengi wetu hatukuichagua. Ilikuja na simu, ama rafiki alituma apk kwa Xender ili tusimalize mega, na tangu siku ile haijapata toleo jipya hata moja. Mtu anageuza kiatu cha mtumba nusu saa akitafuta tundu, ila mlango wa siri zake zote anaukubali vile umekuja.

Toleo la zamani ni hatari kweli. Kila mara matundu yanapatikana ndani ya vivinjari, wenye kuvitengeneza wanayaziba kwa toleo jipya, na habari ya tundu inatangazwa. Wewe uliyebaki na la zamani, mwizi anajua tundu lako liko wapi.

Opera Mini siitukani. Ilinipitisha chuo kikuu. Inabana kurasa mpaka mega 100 zinakufikisha mwisho wa juma. Lakini tujue inafanya kazi namna gani: katika hali ya Extrême, ukurasa unafunguliwa kwanza kwa mashine za Opera, unabanwa kule, kisha unatumwa kwako. Maana yake kati ya wewe na sanduku lako la barua kuna mtu wa tatu katikati. Kusoma habari za mpira, sawa. Kuingiza neno la siri la email ama la benki, hapana, toka kwa hali hiyo. UC Browser ndiyo mbaya zaidi: mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba ilikuwa inavujisha mahali mtu alipo, maneno anayotafuta na namba za simu yake yenyewe. India iliipiga marufuku mwaka 2020. Hapa kwetu bado inazunguka kwa Xender.

Mimi niko kwa Firefox, juu kwa simu za Android inakubali uBlock Origin. Ile inazuia matangazo, na matangazo ndiyo yanakula mega zetu na kutuletea vile vibandiko vya "simu yako iko na virusi 13, bonyeza hapa". Chrome ya simu haikubali nyongeza kama hizo. Ila Chrome na Firefox zote mbili ziko na orodha ya kurasa mbaya, na zinakuonyesha ukurasa mwekundu mbele uingie. Ukiuona, rudi nyuma. Usibonyeze "endelea" juu eti mwisho ni kesho usiku.

Na tusidanganyane: ukurasa wa wizi wa leo asubuhi huenda hauko bado kwa orodha. Hapo ni macho yako. Wengi wanasema "nimeona kufuli, ni salama". Kufuli maana yake hakuna anayesoma njiani kati yako na ukurasa ule. Haisemi mwenye ukurasa ni nani. Mwizi naye anaipata bure, kwa dakika chache. Chrome yenyewe iliondoa alama ile mwaka 2023, juu watu walikuwa wanaichukua sawa cheti cha uaminifu. Gusa anwani, isome yote. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha soma kurudi nyuma: kile kinachoukaribia ndicho mwenye nyumba. careers.un.org ni ya un.org. Ukikuta unicef, kisha kistari, kisha recrutement, kisha mkia usioujua, ile si UNICEF, hata picha zikiwa nzuri namna gani. Na Umoja wa Mataifa umeandika wazi kwamba haulipishi pesa kwa hatua yoyote ya kuandika watu. Hata franka moja.

Sasa kwenu wakubwa. Kuanzia 2020 mlitukata RAM kwa unité bila kutuuliza, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ama 4G, eti ni kupigana na simu za bandia na za wizi. Ilifutwa 2022 juu watu walipiga kelele. Tarehe 13 Machi 2023 ikatiwa sahihi Code du numérique, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya makosa ya kimtandao. Vizuri. Mwenzangu alipeleka malalamiko kwa ofisi moja hapa mjini, na namba ya mwizi mkononi, namba ambayo kwa sheria imeandikishwa kwa jina la mtu. Wakamwomba pesa ya karatasi. Dosye ingine ya kulipa!

Na kila mnapofunga mitandao, sawa vile Desemba 2018 mpaka Januari 2019, ama X na TikTok Februari 2025, vijana wanakimbilia VPN ya bure yoyote, apk kutoka ukurasa wowote. Wezi wanawangoja pale. Kufunga kwenu ndiko kunawafanyia wezi matangazo.

Tunaomba namba ya mwizi ifuatwe, na malalamiko yapokelewe bila kulipa.

Na siye tuanze kwetu. Jumamosi saa nne asubuhi, mahali pa kawaida. Leta simu yako, na chaja kama moto utakuwepo. Tutatoa apk za zamani, tutaweka Firefox, tutasoma anwani pamoja, link zote ulizotumiwa mwezi huu. Mwenzangu atakuwepo, yeye ndiye ataonyesha ile ya kwake. Hakuna kulipa kitu.