Tangi Letu Lisijazwe Mawe

Kwa majuma matatu sasa kumekuwa na mabishano katika Chama cha Sayansi juu ya tangi la kioo la samaki lililo katika maabara yetu. Mabishano hayo yamefika hata mabwenini. Kwa kuwa kura itapigwa kabla ya Siku ya Wazazi, nimeonelea heri nieleze maoni yangu hapa, ili wenzangu, walimu na wazazi wetu wayapime.

Jambo lenyewe ni hili. Mzazi mmoja mwema alituletea kutoka Dar es Salaam sanduku la vipande vya matumbawe na makombe, ili tulipambe tangi lifanane na mwamba wa baharini. Wanachama wengi wataka vyote vitiwe. Wanasema kwamba sisi wa Nemba tuko mbali na bahari, na wadogo zetu wengi hawajaiona. Kwa hiyo tangi likijaa matumbawe litakuwa fundisho, na tena fahari mbele ya wageni. Mimi nasema kwamba tangi liwe na mawe matatu tu ya hapa kwetu, na nafasi nyingine yote iachwe wazi.

Sisemi hivi kwa kuwa nina akili kuliko wenzangu. Muhula uliopita ni mimi niliyepewa kazi ya kulipanga tangi, nami nililijaza. Nilirundika mawe tangu kona hii hata kona ile, nikaongeza vigae na chupa za rangi, na kila aliyeingia alinisifu. Humo mlikuwa na furu 14 tuliowapata kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Baada ya siku 12 maji yalianza kunuka. Tulipoyaondoa mawe tulimkuta furu jike amekufa nyuma ya rundo, ameoza, wala hakuna aliyekuwa amemwona. Alikuwa na mayai kinywani, maana furu jike huatamia mayai yake mdomoni. Kabla ya Jumapili walikufa wengine wanane. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi naijua kazi ya mikono yangu.

Sababu yake twaisoma darasani. Choo cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Lakini bakteria hao huhitaji oksijeni. Maji yasipopita katika rundo la mawe, taka hukaa humo na oksijeni hupungua. Tena matumbawe ni chokaa. Yakikaa ndani ya maji huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya magumu, hali maji ya ziwa walikotoka furu ni laini.

Wenzangu hunionyesha picha za matangi ya matumbawe ya nchi za ng'ambo, yaliyojaa rangi, wakaniuliza kama nayo ni mabaya. Nawajibu kwamba picha hizo hupigwa baada ya miaka. Matumbawe yaliyo hai ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi. Hukua, na kundi moja likimfikia jirani yake humchoma au kumzibia mwanga. Kwa hiyo fundi wa matangi hayo huanza na mawe machache, huyatenga ili maji yapite kila upande, na huacha nafasi kubwa kwa ajili ya yatakayokua. Sisi twataka kuiga mwisho wa kazi yake bila kufuata mwanzo wake.

Zaidi ya hayo, vipande vilivyo katika sanduku letu vimekufa. Matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mengine hata chini ya hapo. Bonge moja lililo sandukuni huenda lina umri kama wangu. Katika pwani yetu miamba imevunjwa kwa baruti za wavuvi, na huko Mtwara na Mafia matumbawe yamechimbwa ili kuchomwa chokaa. Lakini yako pia mahali yanapotunzwa. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, mwamba wa upande wa magharibi umelindwa tangu mwaka 1994, na hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Tukitaka kumfundisha mdogo wetu habari za bahari, tumweleze haya. Vipande vile viwekwe katika kabati la maabara, viandikiwe maelezo mazuri, na mzazi aliyevileta ashukuriwe mbele ya watu wote.

Basi tangi lipangwe hivi. Mawe matatu, moja kubwa na mawili madogo, yasimame juu ya kioo cha chini kabla mchanga haujamwagwa, kwa maana furu huchimba mchanga na jiwe lililowekwa juu yake huweza kuanguka. Lile kubwa lisiwe katikati, bali kando kidogo. Kati ya mawe na kioo uachwe upana wa kiganja, ili mkono wenye sifongo upite. Zaidi ya nusu ya tangi iwe maji matupu, na kila samaki aweze kuhesabiwa kila asubuhi.

Najua kwamba wazazi wengine wakiliona watadhani tumekosa mapambo. Nitasimama karibu na tangi siku hiyo niwaeleze. Furu watano waliosalia wamo katika ndoo kubwa, wakingoja uamuzi wetu. Mmoja wao hajala kwa siku nne, na taya lake la chini limevimba, nadhani anaatamia. Nawaombeni, ndugu zangu wa Chama cha Sayansi, mkumbukeni mtakapoinua mikono yenu.