Cheti cha Ruhusa na Maji ya Jirani

Yeyote apitaye kando ya Ziwa Kivu hapa Goma kabla ya jua kupanda huona jambo lile lile kila siku. Akina mama na watoto wafuatana kwa mstari, bidoni za manjano mikononi. Wengine wazijaza ufukoni na kujitwika, wengine wazifunga juu ya chukudu ili kuzipandisha hadi mitaa ya juu ambako bomba halitoi maji. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia, na ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mabomba ya REGIDESO nayo huyavuta maji katika ziwa hilo hilo. Mji wetu hauna mto upitao kati yake. Watu wote, tajiri na maskini, wanywea chungu kimoja.

Majuma matatu yaliyopita baba mmoja wa familia alitujia baada ya Misa. Uani kwake ana kiwanda kidogo cha sabuni, na vijana wanne wa kazi. Alisema hivi: «Nasikia ni lazima kuomba ruhusa ya Serikali kwa ajili ya maji machafu yatokayo kiwandani. Lakini wenzangu wenye karakana hawaombi, wala hakuna aliyewauliza neno. Tena siku hizi nimwandikie nani? Je, nikinyamaza, natenda dhambi?»

Swali hili ni la kweli, nasi tumeona vema kulijibu mbele ya wote. Kwa maana mwenye kuhitaji jibu si yeye peke yake. Yuko mwenye gereji amwagaye mafuta yaliyokwisha kutumika, yuko afunguaye betri kuukuu za magari, yuko mwenye mashine ya kuoshea kahawa, na yuko mwenye machinjio.

Sheria yasemaje?

Wako wadhanio kwamba mambo haya ni mapya, yameletwa na wageni wa siku hizi. Sivyo. Tangu tarehe 12 Februari 1953, wakati wa Wabelgiji, ilikuwapo amri nambari 41-48 juu ya nyumba za kazi zenye hatari, zenye uchafu au zenye kuwaudhi majirani. Aliyetaka kufungua nyumba ya namna hiyo alipaswa kuomba ruhusa kwanza, nao majirani walipaswa kusikilizwa. Miaka 60 baadaye, amri nambari 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 iliyapanga mambo hayo upya. Kazi zenye hatari kubwa zahitaji cheti cha ruhusa. Zile zenye hatari ndogo hutangazwa kwa wakuu.

Kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kutoka sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya ulinzi wa mazingira. Yatupasa kujua mambo yake matatu. La kwanza: kazi iwezayo kuwadhuru watu na nchi ichunguzwe kabla haijaanza. Kupima uchunguzi huo ni kazi ya shirika la Serikali liitwalo Agence Congolaise de l'Environnement, lililoundwa mwaka 2014. La pili: wenyeji wa mahali waulizwe hadharani, wapate kutoa maoni yao na hata kupinga. La tatu: ni marufuku kumwaga taka ziwezazo kuharibu maji, yale tuyaonayo na yale yaliyo chini ya ardhi.

Na juu ya sheria zote iko Katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 53 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi mahali pafaapo kwa afya, tena ana wajibu wa kupalinda. Kifungu cha 54 chaagiza kwamba uchafuzi wowote utokanao na kazi ya kutafuta mali ulipiwe fidia.

Ombi lenyewe lina nini?

Watu wengi huogopa neno «ruhusa» kwa sababu huwaza mihuri, kungoja barazani, na fedha zinazopita chini ya meza. Haya yapo, wala hatuyafichi. Lakini tukilifungua ombi lenyewe, tutaona kwamba mbali na jina, kiwanja na karatasi za kodi, kiini chake ni maswali ambayo hata mtoto wa shule angeweza kuyauliza. Watengeneza nini? Kwa vitu gani? Maji yaingiayo kwa siku ni kiasi gani, na yatokayo ni kiasi gani? Yatokapo yana nini ndani yake? Yapita wapi, yaishia wapi? Wayasafishaje kabla ya kuyaachia? Na siku tangi likipasuka, utafanya nini, na utamwarifu nani?

Tulimwomba rafiki yetu ayajibu pale pale kwa mdomo. Mawili ya kwanza aliyajibu upesi: atengeneza sabuni, kwa mafuta ya mawese, soda kali, chumvi na maji. Alipofika kwenye maji yatokayo, alisita. Hakuwa ameyapima kamwe. Basi tukafanya hesabu pamoja. Kwa siku yatoka kama bidoni 20 za lita 20, ndizo lita 400. Kwa siku 300 za kazi ni lita 120,000, yaani bidoni 6,000 kila mwaka, zenye mabaki ya soda, chumvi na mafuta.

«Nayo yaishia wapi?» tukamwuliza.

«Katika shimo nyuma ya nyumba,» akajibu. «Ni shimo zuri sana. Halijai kamwe.»

Hapo tulinyamaza kidogo, naye akaanza kufahamu. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, na kabla ya hapo mara nyingi ambazo babu zetu walizishuhudia. Mawe hayo yana nyufa na matundu. Ndiyo sababu mvua kubwa hunyesha hapa wala hatuoni mto: maji huzama na kushuka chini kwa chini, kufuata mteremko, kuelekea ziwani. Shimo lisilojaa katika mawe ya namna hiyo si shimo. Ni mlango.

Dawa yake ipo, wala si ya matajiri tu. Kwanza, shimo lizibwe, pajengwe tangi la saruji lisilovuja. Pili, maji ya soda yaliyobaki yaweza kurudishwa katika chungu cha siku ifuatayo, na hivyo mwenye kiwanda hupunguza gharama ya soda mpya. Tatu, mafuta yaeleayo juu yaenguliwe. Nne, maji yasiyoweza kutumika tena yatulizwe ukali wake kwa asidi, kidogo kidogo, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, mpaka yasiunguze tena. Wanafunzi wetu waijua karatasi ya litmasi: katika soda hugeuka buluu, katika asidi hugeuka nyekundu. Kipande kidogo cha karatasi hiyo kitamwambia mwenye kiwanda kama maji yake bado ni makali au yametulia. Walakini kutulia kwa soda hakuondoi chumvi wala mabaki mengine, kwa hiyo wakaguzi bado wana kazi yao ya kupima na kuonyesha mahali pa kuyapeleka.

Yaliyotokea Mombasa

Pengine msomaji atasema: «Maneno mazuri, lakini kiwanda kidogo kitamwua nani?» Tunamwomba atazame pwani, huko Mombasa, nchini Kenya.

Katika mtaa wa maskini uitwao Owino Uhuru palifunguliwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi wake na maji yake machafu viliwaingilia watu majumbani. Mama mmoja aliyeajiriwa katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, aliona mtoto wake akiugua. Damu ya mtoto ilipopimwa, ilionekana ina sumu ya risasi. Mama huyo akaiacha kazi, akawakusanya majirani, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wenyeji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikasema kwamba lawama si ya wenye kiwanda peke yao, bali pia ya ofisi za Serikali zilizokuwa na wajibu wa kuwalinda watu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha.

Haki ilishinda, lakini tuhesabu miaka. Na fidia, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kuitoa risasi yote iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki. Kama maswali yale ya ombi yangaliulizwa kwa uaminifu na kujibiwa kwa uaminifu kabla ya moto wa kwanza kuwashwa, watoto hao wangalipona.

Hata katika nchi yetu, mwezi wa Novemba 2025, huko Lubumbashi, maji ya taka ya kiwanda cha madini yaliuvunja ukingo wake na kuenea mitaani kati ya nyumba za watu, Serikali ikakisimamisha kiwanda. Kusimamisha ni vema. Kuzuia ni vema zaidi.

Kama hakuna wa kupokea barua

Sasa tuje kwenye swali gumu la rafiki yetu: «Nimwandikie nani?» Hakuuliza kwa mzaha. Mwisho wa Januari 2025 vita viliuingia mji wa Goma, M23 wakautwaa, na ofisi nyingi za Serikali ya Kinshasa zikafungwa. Makala hii haikuitwa kukata neno juu ya vita, wala hatuwezi kumwambia mtu meza ya kupelekea karatasi zake. Lakini jambo moja twalijua: maswali yale ya ombi hayahitaji mhuri ili yajibiwe.

Basi tulimshauri hivi. Aliandike ombi lake kamili kama kwamba mkaguzi atakuja kesho. Atie tarehe, atie sahihi, aweke nakala mahali salama. Kisha awaite majirani zake, awasomee kwa Kiswahili, awaonyeshe tangi na mahali maji yaendapo, awaache waulize. Tendo hilo halichukui nafasi ya ruhusa ya sheria. Mlango wa haki ukifunguka, apeleke karatasi zake siku ya kwanza. Lakini ndani ya sheria ile, tangu 1953 hata leo, moyo wake ni huu: jirani aulizwe. Na jirani hakufungwa pamoja na ofisi. Yupo, tena ana bidoni mkononi.

Je, ni dhambi?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34 ya kitabu chake, asimulia jinsi Mungu anavyowakemea kondoo wanono. Hao hunywa maji yaliyo safi, na wakiisha kushiba huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, hata kondoo dhaifu hunywa matope. Mungu hawakemei kwa sababu ya kunywa. Awakemea kwa sababu ya miguu yao. Vivyo hivyo Kanisa halimkatazi mtu kuanzisha kazi na kupata faida kwa jasho lake. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake «Laudato Si'» ya mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu, kwa maana bila hayo hakuna uhai.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kukosa mhuri si dhambi kwa mtu aliyeutafuta kwa moyo mnyofu. Kumnywesha jirani soda kwa siri ni dhambi, mhuri uwepo au usiwepo. Na yule aliyenunua cheti kwa rushwa, huku shimo lake likivuja, ana dhambi mbili, naye karani aliyemwuzia ashiriki nazo.

Ninyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu maji ya shule yenu yaenda wapi. Ninyi akina baba na akina mama, siku mkiitwa kusikilizwa juu ya kiwanda, msikae nyumbani na kusema hayo ni mambo ya wenye elimu. Wazee wetu wakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Huko hakukuwa na kiwanda, lakini tulijifunza jinsi maji machafu yauavyo upesi.

Rafiki yetu alirudi kwetu Jumapili hii. Amesimamisha kupika sabuni mpaka tangi likauke. Vijana wake wanne hawakukosa ujira, maana ndio wanaolijenga tangi hilo. Alikwisha kuwaita majirani na kuwasomea ombi lake. Wote walishukuru, isipokuwa bibi mmoja mzee aliyeinua mkono na kuuliza: «Mwanangu, na yale maji ya mwaka jana, yalikwenda wapi?»

Hakuwa na jibu la kumpa. Alituambia kwamba aliinamisha kichwa, akamwomba radhi mbele ya watu wote, na kesho yake asubuhi akawatuma wanawe kumchotea bibi huyo maji kwenye bomba, bidoni mbili, nao wanaendelea hivyo kila siku.