MPUNGA NA HESABU YA UWONGO



Hapa Bahati hatulimi mpunga. Ardhi yetu ni ya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Lakini kila mwisho wa mwezi twanunua mchele, na wenzetu wa reli wanaostaafu huambiwa: chukua kiinua mgongo chako, nenda Mwea, kodi eka mbili, utatajirika. Twasema ngojeni kwanza, tupige hesabu.

Mshauri husema eka moja hutoa magunia 20 ya kilo 100, yaani kilo 2,000. Kisha huzidisha kwa bei ya mchele dukani. Hapo ndipo uwongo ulipo! Kilo hizo ni za mpunga. Zikikobolewa, kila kilo 100 hutoa mchele wa kilo 60 hadi 65 hivi. Basi zile 2,000 zimekuwa 1,200 au 1,300, na ndani yake zimo chenga za bei ndogo. Wala hujalipa kodi ya shamba, trekta, mbolea, maji, vibarua wa kupandikiza na kupalilia, wavunaji, magunia na lori. Yuko pia mtu wa kufukuza ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Huyo hulipwa hata kama kweleakwelea wamekula nusu ya shamba, na ni haki yake, maana ni mfanyakazi kama sisi.

Basi nani apataye faida? Mavuno makubwa ya Mwea huja mwisho wa mwaka. Wote huvuna pamoja, bei ikaanguka, na Januari karo ya shule yangoja mlangoni. Mkulima mwenye deni huuza upesi, wengine huuza mpunga ungali shambani. Mwenye ghala hununua akakaa kimya mpaka bei ipande. Yusufu kule Misri aliweka nafaka ili watu waishi. Hawa wetu wamesoma nusu ya sura.

Jambo hili si la jana. Mifereji ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini. Mkulima alipewa eka 4 kama mpangaji tu. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa 1966, ikawa ndiyo mnunuzi, nayo ilikata gharama zake kwanza. Mwaka 1998 wakulima waligoma, wakapeleka mpunga wao kwenye chama chao cha ushirika. Sisi tunaojua mgomo tuwaheshimu kwa hilo.

Tena mwaka 2025 Serikali iliruhusu tani 500,000 za mchele wa nje ziingie bila ushuru, na wakulima wakaenda mahakamani Kerugoya. Wenzetu fulani walichukizwa, wakisema wakulima wataka tule ghali. Sivyo. Sisi pia twataka mchele wa bei nafuu, lakini nafuu hiyo itoke kwa wenye maghala, isitoke shingoni mwa mwenye eka moja.

Kwa hiyo twaomba tawi letu liwaandikie washirika wa Mwea, tununue magunia kwao wenyewe wakati wa mavuno, tugawane, kila mtu akatwe kidogo kidogo katika mshahara. Na mstaafu anayeshawishiwa kukodi shamba alete hesabu yake kwa karani wa tawi kabla hajatoa hata shilingi moja.